Turubai, udongo au mazungumzo: uanze wapi kufundisha habari za wanawake wasanii?

Wiki mbili zilizopita mwalimu mmoja wa sekondari, yuko Tabora, alinitumia ujumbe wa sauti. Ana klabu ya sanaa inayokutana Jumamosi asubuhi, na wengi wao ni wasichana. Anataka kuwafundisha habari za wanawake katika sanaa ya kisasa ya dunia, na hela aliyonayo inatosha kuprinti kurasa sita za rangi, basi. "Dada, nianze na nani?" Nilirekodi jibu nikalifuta, nikarekodi tena nikalifuta. Mimi mwenyewe hapa Ujiji nilianza mahali pasipofaa nikapoteza karibu miezi mitatu, na sitaki naye azunguke kama nilivyozunguka. Kwa hiyo nimeamua kuandika, ili na mwingine mwenye swali kama lake apate pa kuanzia.

Ukitafuta habari hizi kwenye simu utakutana na mambo mengi, ila mengi yake yanaingia kwenye njia tatu. Iko ya wachoraji wa Ulaya waliofungiwa milango. Iko ya wanawake wa udongo, nguo na karatasi. Na iko ya Mtanzania mmoja aliyezaliwa Marangu, ambaye wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake. Zote nimezijaribu barazani kwangu, mbele ya mabinti wa sekondari na baadhi ya mama zao.

Njia ya wachoraji wa Ulaya

Januari 1971 mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, Linda Nochlin, alichapisha makala katika jarida la ARTnews akiuliza kwa nini hakujawahi kuwa na wanawake wasanii wakubwa. Anayeisoma harakaharaka hudhani anawadharau wanawake, au anataka kutoa orodha ya majina yaliyofichwa ili kuwaumbua wabishi. Nochlin alilishika swali lenyewe. Alisema limebeba uongo tumboni: linadhani ukubwa wa msanii ni kipaji kinachochipuka chenyewe popote, kama uyoga baada ya mvua. Akataka tuangalie nani alimfundisha nani, nani aliruhusiwa kuingia darasani, nani alitoa tuzo, nani alilipa.

Mfano wake mzito ulikuwa modeli wa uchi. Katika akademi za Ulaya, kwa karne kadhaa, ngazi ya kupandia ilikuwa kumchora mtu aliye hai, bila nguo, saa nyingi, mpaka mkono ujue mfupa ulipo. Bila mafunzo hayo ilikuwa vigumu mno kuchora picha kubwa za vita, za historia na za dini, na hizo ndizo zilizoleta tuzo na jina. Wanawake walizuiwa humo mpaka karne ya 19 inaelekea ukingoni. Wakachora maua, watoto na sura za watu, halafu wakaambiwa maua ni kazi ndogo.

Kwa kufundishia jambo hili sijaona kinachoishinda picha ya Johan Zoffany ya mwaka 1771 hadi 1772. Royal Academy ya London, chama cha wasanii chenye shule yake, ilianzishwa mwaka 1768, na kati ya waanzilishi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Zoffany akawachora wanachama wakiwa darasani na modeli. Wanaume wamejaa chumba kizima, huyu kasimama, yule kaketi, wanazungumza chini ya taa. Kauffman na Moser hawaonekani. Tazama ukuta wa kulia: kuna picha mbili za sura zimetundikwa, hazionekani vizuri. Ndio hao. Waanzilishi wa chama wamegeuzwa mapambo ya ukuta, kwa kuwa haikufaa mwanamke awe chumba kimoja na mwanamume asiye na nguo.

Niliwaonyesha mabinti picha hiyo bila kuwaambia lolote, nikawaomba wawatafute wanawake. Walichukua muda. Walipowapata, binti mmoja wa kidato cha tatu akasema, "Kama kikao cha mahari. Wote wanamzungumzia yeye, na yeye hana kiti." Sikuwa na la kuongeza siku hiyo.

Baada ya hao wawili, Royal Academy haikumchagua tena mwanamke kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight, mwaka 1936. Shule yake ilimpokea msichana kwa mara ya kwanza mwaka 1860, Laura Herford, na yeye alipenya kwa kuwa michoro aliyopeleka aliitia sahihi ya herufi ya kwanza tu ya jina, wakadhani ni kijana wa kiume. École des Beaux-Arts, shule kuu ya sanaa ya Paris, ilisubiri hadi 1897. Rosa Bonheur, aliyechora mnada wa farasi kwenye turubai kubwa kuliko ukuta wa sebule nyingi za kwetu, alilazimika kuomba kibali cha polisi ili avae suruali aende mnadani kuchora. Mabinti walicheka kwa kibali hicho, kisha wakanyamaza walipoanza kuhesabu vibali vyao wenyewe.

Kwenye njia hiihii yuko Griselda Pollock, mwanahistoria wa sanaa, ambaye mwaka 1988 aliwatazama Berthe Morisot na Mary Cassatt kwa jicho ambalo limenisaidia sana. Wanaume wenzao wa Paris walichora baa, kumbi za dansi, barabara za usiku. Morisot na Cassatt walichora roshani, bustani, chumba cha mtoto, sebule. Pollock anauliza mchoraji amesimama wapi, na ni wapi asingeweza kusimama bila kuharibiwa heshima. Swali hilo nililipeleka mwaloni Kibirizi. Alfajiri mitumbwi ya dagaa inapoingia, wanaosubiri na ndoo na beseni wengi ni wanawake. Wanakadiria mzigo kwa macho, wanabishana bei, wanaanika. Mchoraji msichana wa Kigoma angekuwa na uwanja mpana kuliko wa Morisot kwa saa zile za asubuhi. Usiku, boti zinapoondoka na taa zao, hayumo. Zoezi hilo la kuandika "naweza kusimama wapi na saa ngapi" lilizaa michoro mizuri kuliko somo jingine lolote la njia hii.

Sasa udhaifu wake. Kwanza, huwezi kuifundisha sawasawa bila kugusa uchi, na kwenye picha ya Zoffany yenyewe modeli wamo. Mzazi mmoja alikuja nyumbani amekunja uso, ameiona karatasi kwenye daftari la mwanawe. Tulikaa, tukazungumza, tukaelewana, lakini mwalimu aliye chini ya mkuu wa shule huenda asipate nafasi ya mazungumzo hayo. Pili, rangi za mafuta na turubai huku hazipatikani kirahisi, kwa hiyo mtoto anajifunza habari za kitu asichoweza kukishika. La tatu ndilo lililoniumiza. Baada ya Jumamosi kadhaa mabinti walianza kudhani habari nzima ni ya wanawake wa Ulaya wanaogombea chumba na wanaume wa Ulaya. Waliwahurumia, ila hawakujiona. Hiyo ndiyo miezi yangu mitatu.

Njia ya udongo, nguo na karatasi

Mwaka 1981 Rozsika Parker na Griselda Pollock walieleza jambo ambalo bibi zetu wangelitambua mara moja: kwamba mpaka kati ya sanaa na kazi za mikono ulichorwa na watu, na ulipochorwa, vilivyofumwa, vilivyoshonwa na vilivyofinyangwa na wanawake kwa matumizi ya nyumbani vikaangukia upande wa chini. Kitu kilekile kikitundikwa ukutani kina jina la aliyekifanya. Kikitandikwa chini hakina.

Hapa kwetu mpaka huo una sura yake. Mtu akitaja sanaa ya Tanzania, wengi hukimbilia picha za Tingatinga na vinyago vya Kimakonde. Tingatinga ilianzishwa na Edward Saidi Tingatinga na ikaenezwa zaidi na ndugu na wanafunzi wake wa kiume. Uchongaji wa mpingo ulikuwa kazi ya wanaume. Wanawake wa Kimakonde walifinyanga vyungu. Ndiyo maana napenda kuanza na Reinata Sadimba. Alizaliwa mwaka 1945 uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akajifunza ufinyanzi kama wasichana wengine, kisha akavuka mpaka ule: vyungu vyake vikaota vichwa, mikono, watoto mgongoni, na nyuso zenye chale za Kimakonde. Mwaka 1980 alihamia Tanzania, akaishi huku hadi 1992. Miaka kumi na miwili nchini mwetu! Nilipowaambia akina mama barazani, mmoja aliuliza kwa nini hakuna aliyewahi kuwaambia shuleni.

Magdalena Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, ana habari inayofundisha kitu kingine. Alikwenda Uingereza kusoma, na katikati ya miaka ya 1970 akaenda Abuja, Nigeria (mji wa zamani ambao leo unaitwa Suleja, si mji mkuu wa sasa), kujifunza kwenye kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo hatumii gurudumu. Anapandisha ukuta wa chungu kwa mkono, pingili juu ya pingili, anaukwangua, anausugua mpaka ung'ae bila rangi ya kioo. Kikichomwa hewa ikipita kinatoka chekundu cha machungwa. Kikizibwa na vitu vinavyofuka moshi, kinatoka cheusi. Mama yeyote aliyewahi kununua chungu cha maharage anaielewa sentensi hiyo bila kamusi. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame. Mwanafunzi anaona safari: ustadi wa mfinyanzi wa kijiji cha Nigeria, mikono ya Mkenya, majumba ya makumbusho ya dunia.

Lakini ukiniuliza nani ameteka moyo wangu, ni Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusoma shule ya sanaa ya Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya hapo akafundisha shule, akaolewa, akalea, akalima. Sanaa ikakaa pembeni miaka mingi. Alirudi kwenye miaka ya 1980, akikaribia umri wa miaka 60, na hakuwa na hela ya rangi. Akachukua karatasi za vifungashio, za sabuni na za unga, akazichana vipande vidogo, akazibandika kimoja kimoja mpaka zikawa kuku, ng'ombe, mwanamke anayekwenda na mzigo. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa kwenye maonesho ya wasanii wa Afrika katika Studio Museum ya Harlem, New York, na alikuwa mwanamke pekee humo.

Somo la Karuga halihitaji steshenari. Niliwaambia mabinti waje na makaratasi ya jikoni: pakiti za majani ya chai, za sabuni, za biskuti, mifuko ya unga. Binti mmoja alitengeneza mtumbwi wa Kibirizi kwa pakiti ya chumvi, na ziwa lote kwa karatasi ya sabuni ya bluu. Alizichana kwa vidole, hakukata kwa mkasi, kwa hiyo kila kipande kilibaki na ukingo mweupe wa karatasi iliyochanika, na kingo hizo zikawa mawimbi. Hakukusudia mwanzoni. Alipogundua, akaanza kukusudia.

Halafu yuko Faith Ringgold wa Harlem, aliyezaliwa 1930 na kufariki 2024. Alikuwa mchoraji wa turubai kwanza. Mwaka 1972 aliona katika jumba la makumbusho la Amsterdam picha za Tibet zilizozungushiwa kitambaa, akaacha fremu za mbao, akaanza kuzungushia kazi zake nguo. Zikawa zinakunjwa na kubebwa kama mkeka. Mama yake, Willi Posey, alikuwa mshonaji, na mwaka 1980 walitengeneza pamoja tandiko la viraka la kwanza. Lile linalojulikana zaidi, la mwaka 1988, linaonyesha familia juu ya paa la nyumba usiku, watoto wamelala chali, mmoja anaruka juu ya daraja lenye taa.

Jirani yangu, bibi anayesuka mikeka, alikuja siku hiyo kuazima kitu. Nikamwamkia, akaitikia, macho yake tayari yako kwenye karatasi. Aliichukua, akaisogeza karibu na uso, akapitisha kidole kwenye viraka vya pembeni. Kisha akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa mweupe, akanitazama kama niliyemficha jambo. Kwa anayesuka, mkeka unasomwa kwa chini: huko ndiko utaona kama ukili umeshonwa kwa subira au kwa haraka ya soko. Alitaka kuona mishono ya Ringgold. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu tandiko hilo, na sijamwona hata mmoja aliyeanza kwa kuuliza nyuma kukoje.

Njia hii nayo ina mtego, na nitausema wazi kwa sababu niliingia. Ni rahisi ikageuka kuwa maonesho ya utamaduni: mama zetu ni mafundi, mikono yao ina baraka, tupige makofi, twende nyumbani. Hakuna aliyeuliza mikeka inauzwa shilingi ngapi, jina la aliyeisuka liko wapi, na kwa nini Makerere ilichukua miaka zaidi ya kumi tangu Margaret Trowell aanze kufundisha sanaa mwaka 1937 hadi kumpata msichana kama Karuga. Hata kituo cha Abuja kilianzishwa na Mwingereza, Michael Cardew, chini ya serikali ya kikoloni, na Ladi Kwali alikuja humo akiwa tayari ni fundi anayesifika. Nani alimfundisha nani pale? Hilo ni swali la Nochlin, na udongo unalihitaji kama turubai.

Njia ya Nicodemus

Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasomea anthropolojia, na maonesho yake ya kwanza aliyafanya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Katikati ya miaka ya 1980 alifanya kazi ambayo mimi naiona ndiyo iliyo karibu kabisa na baraza ya Kiswahili: aliketi na wanawake Denmark, kisha Tanzania, kisha Kolkata, India, wakazungumza maisha yao, naye akatoka na picha na mashairi. Yeye pia ni mwanahistoria. Ameandika kuhusu sanaa ya kisasa ya Afrika, na kuhusu majeraha ambayo jamii hubeba bila kuyataja.

Picha yake mwenyewe ya mwaka 1982, aliyoichora Sweden, ina nyuso zinazopandana, jicho la huyu linaingia kwenye shavu la yule. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London iliinunua, ikawa picha ya kwanza ya rangi katika hazina yake ambamo msanii mwanamke mweusi amejichora mwenyewe.

Faida ya njia hii ni kwamba haihitaji kifaa isipokuwa mkeka na masikio. Ugumu wake ni kwamba mazungumzo hufungua mambo. Nilipoijaribu, mama mmoja alizungumza jambo la ndoa yake ambalo hakuwahi kulitoa, na binti yake alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale. Tangu siku hiyo mama na mabinti nawakalisha siku tofauti. Kwa klabu ya shule, yenye wavulana na mwalimu mmoja, nisingeanza na hii. Picha ya nyuso zinazopandana, hata hivyo, inafaa popote.

Kuna mengine mawili ambayo mitandao itakusukumia kwa nguvu. Guerrilla Girls, kundi la wasanii wanawake lililoanza New York mwaka 1985, lina bango maarufu la 1989 lenye hesabu ya Metropolitan Museum: wasanii wanawake hawakufika asilimia 5 katika sehemu ya sanaa ya kisasa, ilhali asilimia 85 ya picha za uchi zilikuwa za wanawake. Hesabu hiyo waandikie ubaoni. Bango usiprinti, utarudi kulekule kwa mzazi aliyekunja uso. Na meza kubwa ya pembetatu ya Judy Chicago, iliyokamilika 1979, yenye nafasi za wageni 39, wote wanawake wa historia na hadithi, na majina 999 sakafuni, ni kazi nzito, ila ili mwanafunzi aionje lazima awafahamu wageni wenyewe. Mmarekani mweusi aliyeketi pale ni mmoja tu, Sojourner Truth, na wanawake weusi wa Marekani walilalamika kwa haki.

Basi uchague ipi

Kama ulio nao wanataka kusomea sanaa chuoni, au wana mtihani wa historia, anza na Zoffany na swali la Nochlin. Huko mbele watakutana nalo wapende wasipende. Kama ulio nao ni akina mama wa kikundi, wasusi, washonaji, wafinyanzi, anza na Ringgold au Odundo, na uwaache wao wakufundishe wewe kwanza. Kama ni kikundi kidogo cha watu wanaoaminiana, Nicodemus.

Klabu ya mwalimu wangu wa Tabora, kwa maoni yangu, ianze na Karuga. Jumamosi ya kwanza makaratasi ya jikoni, mikono ishughulike, habari ya maisha yake isimuliwe huku wanabandika. Jumamosi ya pili kila mmoja aandike jina lake nyuma ya kazi yake, na ndipo umlete Nochlin, kwa swali tu, bila picha: kwa nini Karuga alisubiri hadi karibu miaka 60? Watajibu wenyewe, watoto, shamba, mume, hela, na watakuwa wamefika alikofika Nochlin kwa miguu yao. Zoffany aje baada ya hapo, ukikata sehemu ya ukuta wa kulia peke yake.

Kwa hiyo kurasa sita: mbili za Karuga, moja ya Sadimba, moja ya Odundo, moja ya Ringgold, moja ya Nicodemus. Kipande cha Zoffany kitoe kopi nyeusi na nyeupe, hakihitaji rangi. Ya Odundo chagua chungu chekundu. Kile cheusi kwenye printa za kawaida hutoka doa tu, na mng'ao wote unapotea. Ya Ringgold mwambie kijana wa dukani ajaze karatasi nzima, asiache ukingo mweupe, kwa sababu maandishi ya hadithi yako juu na chini kabisa, na mimi mara ya kwanza yalikatwa.